Kamera Haina Ulimi

Nilianza kupiga picha za chakula kwa sababu ya hasira, na hasira hiyo bado ninayo.

Somo langu ni Sayansi Kimu, ingawa hapa kwetu hakuna anayeliita hivyo. Wanafunzi, wazazi na hata mchungaji husema Home Science, na wale wasiolipenda husema "hiyo ya kupika". Ninafundisha sekondari ya kutwa upande wa Makueni, karibu na soko la Tawa. Somo lina chumba chake kimoja: meko ya gesi ambayo gesi yake huja ikitaka, meko ya makaa ambayo hayajawahi kutuangusha, meza ndefu ya saruji, na sinki ambayo maji yake huingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo. Nimefundisha humo tangu nikiwa na kiuno chembamba. Ukiniuliza mali yangu duniani ni nini, nitakuonyesha chumba hicho, na hata hicho ni cha shule.

Hasira ilianza na mtihani wa majaribio. Shule nyingi za huku hununua mitihani iliyokwisha kutungwa, nasi tunaigawa kama ilivyo. Swali moja lilikuja na picha: taja mboga hii, kisha ueleze namna ya kuipika bila kupoteza virutubishi. Mboga yenyewe ilikuwa brokoli. Msichana mmoja, hodari kuliko wote darasani kwangu, aliitazama picha ile, akaandika: "Mti mdogo. Usipikwe, upandwe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikashika kalamu nyekundu nimpe sifuri, na kicheko kikaisha hapo hapo. Msichana huyu hukausha majani ya kunde kivulini yakabaki na rangi yake mpaka kiangazi. Mbaazi za kwao huzipika yeye, na wadogo zake wanakula wanashiba. Sasa amefeli kupika kwa sababu ya mboga ambayo hajawahi kuiona sokoni Tawa, na mimi ndiye niliyetumwa kumfelisha.

Nikafungua kitabu cha kiada kwa macho mapya. Kiamsha kinywa kamili: mkate uliokaangwa, sharubati ya machungwa, vipande vya nafaka vinavyoelea kwenye maziwa, na matunda mekundu madogo ambayo mimi mwenyewe nimeyala mara moja tu, harusini Nairobi, na yalikuwa machachu. Jikoni safi: oveni yenye mlango wa kioo na mama wa Kizungu aliyevaa aproni nyeupe. Sikuwa na ugomvi na yule mama. Hakuomba kuletwa Makueni. Ugomvi wangu ulikuwa na aliyemleta.

Nikasema basi nitafute picha zetu mtandaoni. Nikaandika muthokoi, yale mahindi yetu yanayotwangwa kinuni mpaka yatoke maganda, yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Zikaja picha chache za giza, zilizopigwa na watu waliokuwa na njaa na haraka. Nikaandika chakula, nikaongeza na Ukambani. Hapo ndipo nilipoiona foleni. Wanawake wamepangwa nyuma ya lori, magunia yamerundikwa, mikono imenyooshwa. Nikashusha kidole, foleni nyingine. Nikashusha tena, mtoto na bakuli tupu. Kumbe dunia ikitutafuta kwa neno chakula, inatupata tukiwa na njaa. Nilizima simu nikaitupa kitandani.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Madam," akasema, "watu wa county wanakuja ku-assess kama tutapewa Home Science kwa senior school. Wanataka kuona learning resources, na wanataka za local. Ukiwaonyesha karatasi za manila na vijiko, hatupiti."

"Na tusipopita?"

"Hiyo room inakuwa computer lab. Si unaona computer ziko kwa store? Haiwezekani computer zilale kwa boksi na wewe unachemsha kunde."

Nilimwambia vai thina, hakuna shida, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, nikatoka nje kabla ya kusema neno la tatu lililokuwa mdomoni. Basi mambo yakawa wazi. Nikipata picha nzuri za vyakula vyetu na kuziweka ukutani, chumba kinabaki. Nikizikosa, meko yanatoka.

Nikasikia kwamba mjini Wote kungekuwa na mafunzo ya kupiga picha za chakula, Jumamosi moja, kwa watu wa hoteli na wale wanaouza keki mtandaoni. Nikajiandikisha. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Nairobi, mpole, mwenye kamera shingoni na nyingine begani. Asubuhi yote alitufundisha mwanga. Zima taa ya kamera. Sogeza sahani karibu na dirisha. Jua likiwa kali, ning'iniza shuka jeupe. Upande wa pili simamisha kadi nyeupe iurudishe mwanga kwenye kivuli. Chakula kirefu kipige kwa ubavu, cha bapa kipige kutoka juu. Nilijaribu kwa simu yangu, nikaona chapati ikipata tabaka zake zote, na moyo wangu ukaruka. Asubuhi hiyo nilimpenda yule kijana kama mwanangu.

Mchana akaharibu. Sufuria ya ndengu, zile choroko, ililetwa kutoka jikoni, nusu mbichi, kwa sababu, alisema, ndengu zilizoiva hupasuka na hazipendezi. Akazimimina kwenye bakuli, akachukua chupa ya mafuta ya injini, akazipaka kwa brashi zing'ae. Kisha akapuliza juu yake ile dawa ya kushikisha nywele za saluni. Kwenye kikombe cha chai akatia gundi nyeupe badala ya maziwa.

"Hicho ni chakula ama ni gari?" nikamuuliza.

Watu wakaangua kicheko. Hata yeye alicheka. "Madam, camera haina ulimi. Hii ni biashara ya macho."

"Na hizo ndengu nani atakula?"

"Haziliwi. Tunamwaga."

Mwaka huo mvua za vuli zilikuwa zimetudanganya. Zilinyesha watu wakapanda, kisha zikaenda zao. Karibu na shule yangu kulikuwa na nyumba ambamo ndengu zilitolewa kwa kikombe, na kikombe chenyewe kikafutwa ukingo kwa kidole isizidi punje. Nami nimekaa Wote kwenye kiti cha plastiki naangalia sufuria nzima ikipakwa mafuta ya gari. Nikasimama. Nikamwambia kwamba mtoto akimwaga chakula mbele yangu mimi humwambia akiokote, na kwa kuwa hicho hakiokoteki tena, angalau asikiite chakula. Aliniomba nikae tuzungumze. Sikukaa. Nilichukua mkoba wangu na yale mafunzo ya dirisha niliyokuwa nimeshayashika, nikaenda zangu.

Nikajiwekea sharti moja: kitakachopigwa picha kiwe kimeiva, na kikishapigwa kiliwe. Nikaanza kufanya mazoezi kwenye dirisha la chumba changu cha kupikia, wanafunzi wakishika shuka na kadi. Ugali wangu wa kwanza ulitoka kama jiwe la msingi wa kanisa. Kunde zikatoka nyeusi tii. Nikajifunza kwamba mboga za majani hupigwa upesi kabla hazijalegea, na kwamba tone la maji ya kawaida linatosha, hakuna haja ya kwenda gereji. Wasichana wakawa wakinikosoa. "Madam, sogeza sahani, hiyo shadow inakaa vibaya." Tukila tunabishana. Zilikuwa siku nzuri, na nilikuwa nakasirika kidogo tu.

Lakini nilitaka vyakula vya majumbani, kwenye vyombo vyake, vya milimani na vya nyandani. Hapo nikafanya kosa ambalo ni Mkamba tu angelifanya, na ambalo Mkamba yeyote alipaswa kulijua mapema. Niliwaambia watu kwamba ninakuja.

Nilianzia Nunguni, kule juu kwenye baridi, ambako watu hula nduma, yale magimbi, na mboga za majani, kwa mama wa mwanafunzi aliyehamia kwetu. Nilimwambia kwenye simu: nataka kupiga picha ya chakula mnachokula kila siku. Akasema karibu sana, mwalimu. Nilipofika, meza ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Juu yake wali, chapati, kuku wa mchuzi, na soda zimesimama mstari. Mchungaji wao alikuwa ameketi kitini, amevaa tai, kwa sababu alikuwa ameambiwa kutakuwa na picha.

"Mama, nduma ziko wapi? Na zile mboga?"

"Ai, mwalimu," akacheka akiziba mdomo, "hizo tulikula jana."

Mchungaji akaombea chakula, akaombea shule, akaombea kamera. Kuku akapoa. Nikapiga picha ya chapati.

Nikaenda Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, kwa mwanamke mwenye kibanda cha chakula. Huyu nilimwamini. Kila siku huwauzia madereva wa malori isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, na madereva hupita vibanda vingine wakisimama kwake. Siku yangu nilikuta isyo haupo. Kulikuwa na chipsi na soseji, na pembeni nyanya imekatwa kama ua.

"Isyo uko wapi?"

"Leo sijapika. Leo ni picha."

"Lakini madereva wanaupenda!"

"Madereva hawapigangi picha, madam," akasema, na akanisogezea chupa ya kechapu.

Ikawa hivyo kila nyumba. Nikawa na picha za chapati za kutosha kufunika ukuta wote na kubakisha za dari. Nilikasirika na kila mtu. Nilikuwa nimeanza na hasira dhidi ya waliochapisha kitabu, sasa nikawakasirikia watu wangu wenyewe, ambao wangekula muthokoi siku sita na siku ya saba, nikitokea na simu, wangeapa hawaujui. Nikasema moyoni: mnaona haya ya chakula chenu, kisha mnashangaa watoto wenu wakipewa cha wengine kwenye mtihani!

Mwishowe nikaenda kwa mama yangu. Yeye yuko upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba. Nilimpigia simu, kosa lile lile, ila safari hii nikasema waziwazi: mama, usinipikie cha wageni, nataka muthokoi nipige picha, ni kazi ya shule. Akasema sawa.

Nilipofika, jogoo hakuwepo uani. Alikuwa kwenye sufuria. Wali ulikuwa tayari, chapati zimekunjwa ndani ya leso zisipoe.

"Mwaitu, muthokoi uko wapi?"

"Muthokoi gani?"

"Naisikia harufu yake. Inatoka chumbani."

"Hiyo harufu ni ya jana."

Nikaingia chumbani kwake. Chini ya kitanda kulikuwa na sufuria imefunikwa beseni, na juu ya beseni kuna shali. Mama huyu alinichapa utotoni kwa uongo mdogo kuliko huo. Nikaitoa ile sufuria, nikaiweka katikati ya meza ya wageni, na nikaanza kusema. Nilisema mengi. Nilimwambia anaficha chakula kama mtu anayeficha mali ya wizi. Nilimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya chakula chetu kidharauliwe. Nilimwambia mimi nimetoka Makueni mpaka hapa na sikuja kutazama kuku.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakasirika yeye, na hapo nikakumbuka nilikoitoa hasira yangu. Mama akikasirika haongei Kiswahili, na Kikamba chake sitaweza kukileta hapa chote. Lakini alichosema ni hiki.

Alisema: mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada, wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Tuliitwa uwanjani, tukapanga foleni tangu alfajiri. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Mbele yangu kulikuwa na mama mkwe wangu, na nyuma yangu wanawake wa kanisa langu. Jua lilipopanda likaja gari, wakashuka watu na kamera. Mahindi yalikuwa hapo hapo, kwenye lori. Wakatuambia tungoje kidogo. Wakatuambia tunyooshe mikono. Mimi nilinyoosha, kwa sababu ulikuwa unalia. Wakapiga, wakasema tena, wakapiga tena. Ndipo wakatupimia.

Alisema: hawakuniuliza jina. Hawakuniuliza nilikuwa nikipika nini mwaka uliotangulia, mvua ilipokuwa nzuri na ghala limejaa. Hiyo picha waliyonipiga iko wapi? Ni nani ameiweka nyumbani kwake? Mimi nimezeeka, nimesomesha watoto, nimejenga, na mahali fulani niko bado nimenyoosha mkono. Sasa wewe, mtoto niliyekuwa nimembeba, unakuja na kamera unaniambia toa chakula cha shida nikupige. Picha ya pili nataka iwe na kuku. Je, nimekukosea?

Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi, na hasira yangu yote ikahama. Ilimwacha yeye, ikawaacha mama wa Nunguni na yule wa Kambu, ikaenda kwa watu walioshuka kwenye gari lile, na mpaka leo ndipo ilipo. Waliwafanya watu wenye njaa wangoje, ili wapate picha ya njaa. Nikitaka kulala usiku siliwazi jambo hilo.

Sikumwambia kuhusu foleni niliyoiona kwenye simu. Niliogopa angeomba nimwonyeshe. Na niliogopa zaidi kwamba angejiona.

Kisha mama akainuka, akafungua kabati la vioo, akatoa sahani zake za maua, zile za siku ya mahari na siku ya mchungaji. Akaipangusa moja kwa upindo wa leso.

"Kama ni lazima," akasema, "utapakuliwa kwa hii. Na uso wangu usionekane. Mikono tu. Na mikono iwe inapeana, isiwe inapokea."

Nilisogeza meza mpaka karibu na mlango, mwanga ukaja kwa ubavu. Mama akashika mwiko, akapakua muthokoi kwenye sahani ya maua: mahindi meupe yaliyofutuka, mbaazi za kahawia, kitunguu kilichokaangwa, mvuke ukipanda. Mkono wake wenye mishipa ukawa juu, sahani chini. Nilipiga nyingi. Moja ilitoka jinsi nilivyotaka, na nilipomwonyesha alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Huyu ni mama mwenye nyumba." Kisha tukala vyote, muthokoi na kuku, kwa sababu sharti ni sharti.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Nilirudi Nunguni, nikarudi Kambu, na kabla ya kuomba chochote niliwaonyesha wanawake ile picha. Waliona sahani ya maua, waliona mkono unaopeana, nao wakaelewa upesi kuliko walimu wenzangu. Mama wa Nunguni akatoa nduma, akaziweka kwenye sinia lake la harusi. Yule wa Kambu alipakua isyo kwenye bakuli la kioo, akavaa bangili kwanza. Nikapiga kunde, nikapiga ndengu zilizoiva na kupasuka zipendavyo, nikapiga uji kwenye kibuyu. Nikazichapisha kubwa kwa mtu wa studio Tawa, nikazipanga ukutani katika chumba changu. Wasichana wakaandika chini ya kila moja virutubishi vyake na namna ya kupika.

Siku ya maafisa ikafika. Wasichana waliamkia jikoni. Walipika kila kilichokuwa ukutani, sufuria kwa picha, wakapanga mezani na sahani ndogo za kuonja. Yule wa mti mdogo alikuwa amesimama karibu na muthokoi na kitambaa begani, ameshika mwiko kwa mikono miwili.

Maafisa waliingia na mwalimu mkuu. Wakatazama ukuta. Mama mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alisimama mbele ya picha ya mkono wa mama yangu.

"Wow. Hii ni so authentic," akasema. "Hizi ndizo resources tunataka." Akatoa simu, akaipiga picha ile picha. Wenzake wakatoa zao. Wakapiga ukuta mzima, kipande kwa kipande, na migongo yao ilikuwa imeelekea meza.

"Karibuni muonje," nikasema.

"Ai, asante mwalimu, labda baadaye."

Baadaye ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako kulikuwa na wali, chapati na kuku kutoka hoteli ya sokoni. Niliona vyombo vikipita nje ya dirisha langu. Msichana wangu akaniuliza kama apashe muthokoi moto tena, kwa maana wageni walisema labda baadaye. Nikamwambia apashe. Akapasha. Hawakurudi. Tulikula wenyewe, na hakuna aliyebishana siku hiyo.

Tulipita. Shule ilipewa somo, na mwalimu mkuu akatangaza kwenye paredi ya asubuhi, akanitaja, watu wakapiga makofi. Kisha akaniita ofisini, uso umechanua.

"Madam, umetuokoa kabisa. Na sasa nimepata solution. Hizo picha tutaziweka kwa projector. Wanafunzi wanaona food, wanaona steps, everything. Kwa hivyo ile room si lazima tena. Meko tutahifadhi kwa store, computer ziingie. Siku hizi ni digital."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Watajifunza kupika kwa kuangalia picha?"

"Si picha za kawaida. Picha zako ni nzuri sana, yaani mtu akiona anashiba."

Nimewahi kukasirika maishani, na katika hadithi hii nimekasirika mara nyingi. Lakini hasira ile ilikuja bila kelele. Nilimwangalia mtu yule, aliyewapa wageni kuku wa hoteli muthokoi wetu ukipoa, na nikaona kwamba ule ukuta nilioujenga kulinda meko ndio uliogeuka kuyatoa. Nilijifunza mwanga ili wasichana wangu wapike. Niliifanya kazi hiyo vizuri mno, mpaka mtu akaona kupika hakuna haja.

"Nimekuelewa," nikamwambia, nikatoka.

Nilienda moja kwa moja chumbani, nikapanda kwenye stuli, nikazibandua zote. Nduma za Nunguni, isyo wa Kambu, uji, ndengu. Ya mama niliifunga ndani ya leso yangu. Zilizokuwa kwenye kompyuta ya ofisi nilikuwa nimeziweka mimi, na mimi nikazifuta. Zile za simu za maafisa sikuweza kuzifikia, lakini wale walipiga wakiwa na haraka, na bila dirisha.

Mwalimu mkuu alinikuta mlangoni nikiwa nazo mikononi.

"Hizo ni za shule!"

"Simu ni yangu," nikasema. "Mkono huu ni wa mama yangu. Na chakula kililiwa. Cha shule ni hiki chumba. Somo wametupa, Principal, huwezi kulirudisha, umeshalitangaza paredi. Picha hakuna. Sasa utafundisha na nini?"

Aliangalia ukuta, akaangalia meko. Akaniambia mimi ni mkaidi, kwamba atalipeleka jambo hili mbele, kwamba sitaona mwisho wake. Huenda ni kweli. Kompyuta bado ziko stoo ndani ya maboksi, na yeye hupita kwangu asubuhi bila kunisalimia. Kuna siku nafika nikitarajia kukuta kufuli jipya mlangoni.

Lakini Jumatatu iliyofuata tuliwasha makaa. Ukuta ulikuwa mtupu, umebaki na alama za gundi. Tulipika kunde. Chumba kikajaa moshi, maji yakamwagika, mtu akaungua kidole akapiga kelele, sufuria moja ikashika chini. Nilingoja aulize mmoja wao picha zilikwenda wapi, nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu na kali. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wakiulizana chumvi nani amechukua.